Dakika Moja ya Ilpo

Ilpo Karvonen ni seremala wa mji wa Oulu, kule kaskazini kwenye theluji. Kila Jumamosi, baada ya kahawa, humpandisha binti yake Venla kwenye kibao cha kutelezea juu ya theluji. Venla ana miaka mitatu. Ilpo huvuta kamba, wakifuata njia ya mtoni hadi kwa bibi kula maandazi ya iliki.

Majira yale ya baridi Ilpo alikuwa na mchezo kwenye simu. Ni wa kusukuma visahani kwenye barafu. Watu wawili, dakika moja, mshindi mmoja.

Jumamosi moja alivuta kamba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika simu. Akashindwa kwa pointi moja.

"Ah! Kidogo tu!" Akabonyeza tena. Na tena.

Alipofika mlangoni kwa bibi, yaani mama yake, bibi aliuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Ilpo akageuka. Kibao kilikuwa kitupu.

Alikimbia kama mwendawazimu. Alimkuta Venla mbali nyuma, hatua tatu kutoka ukingo wa mto, ambao barafu yake ilikuwa bado nyembamba, akila theluji.

"Nilikuita, baba," alisema Venla.

Ilpo akamwinua, akamkumbatia.

Nyumbani, mkewe Hilkka hakufoka. "Ulicheza mara ngapi njiani?"

"Mbili. Labda tatu."

Hilkka alifungua simu, akahesabu. "Kumi na tisa, Ilpo."

Ilpo alitazama ile namba kama si yake.

Jioni alishuka kwa jirani yao, Raakel. Huyu ametengeneza michezo ya simu miaka kumi na miwili.

"Niambie ukweli," alisema Ilpo. "Mimi ni mjinga?"

"Mjinga wapi! Unaona mchezo wenyewe ulivyo mwepesi? Kidole kimoja, hakuna maelekezo. Dakika moja tu, kwa hiyo kila mara unasema, moja zaidi haidhuru."

"Lakini mbona nakosa kidogo tu kila siku?"

"Kwa sababu mashine inakuchagulia mtu wa kiwango chako. Kati ya mamilioni. Kwa sekunde chache."

Ilpo aliduwaa. "Mamilioni?"

"Sasa hivi yupo anayekusubiri. Labda nesi wa Ureno. Labda bibi wa Korea. Naye anasema, ah, kidogo tu!"

Ilpo alitazama kile kioo kidogo kiganjani. Dunia nzima ilikuwa imejaa humo, na yeye alidhani ni visahani.

"Basi niufute?"

"Ukitaka. Au uuwekee mahali pake. Zima vile vitaarifa vinavyokuita. Cheza umekaa, michezo mitatu, Hilkka akiwa pembeni. Ukitoka na mtoto, simu iingie ndani ya begi, zipu ifungwe. Usitegemee kujizuia ukiwa katikati ya mchezo. Hapo hata mimi ninayetengeneza michezo hii hushindwa."

Wiki ya kwanza kidole kilimwasha Ilpo. Wakati wa chakula alijikuta akibonyeza sahani, na Hilkka akamcheka: "Wee bwana, hiyo ni sahani ya supu!" Wiki ya tatu kikatulia.

Jumamosi moja ya Machi walipita tena njia ya mtoni. Ilpo alisimama ghafla, akachuchumaa kando ya Venla.

"Tazama kule. Kimya."

Kulungu wa kaskazini, mkubwa kuliko farasi, alikuwa akivuka mto juu ya barafu, taratibu, pumzi yake ikifuka moshi. Walimtazama mpaka akaingia msituni.

"Nani alimwona?" bibi aliuliza baadaye, walipomsimulia.

"Baba," alisema Venla. "Baba alimwona kwanza."