Maji Yaliyorudi Shimoni

Kengele ya kutoka shule ilipolia, Nyamizi hakubaki uwanjani kucheza rede na wenzake wa darasa la sita. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavua sare, akachota konzi mbili za mashudu ya pamba kwenye gunia, kisha akamfungua Mabaka kamba.

Mabaka alikuwa ndama wa miezi mitatu. Mama yake alikufa mwezi wa nane, malisho yalipokwisha. Ng'ombe wengine wakubwa walihamishiwa mbali kutafuta maji, lakini ndama asingeiweza safari ile. Baba alitaka kumchinja. Nyamizi alilia hadi baba akasema, "Haya, mchukue. Lakini maji yake utayatafuta mwenyewe. Ya kwenye ndoo ni ya watu."

"Unaupeleka wapi huo mfupa?" Scola, jirani yao, alimtania alipompita njiani.

"Mfupa huu siku moja utakupa maziwa, na utakuja kuniomba."

Scola alicheka. Nyamizi naye alicheka, lakini hakusema anakokwenda.

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali katika sehemu nyingi za Simiyu. Lambo la kijiji lilikauka. Udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaopendwa na pamba, ulipasuka nyufa ambazo mkono mzima wa mtoto ungeingia. Hata hivyo, mahali pamoja maji yalikuwa yakipita kila siku bila mwenyewe: kwenye mfereji wa mafundi wa reli.

Karibu na stesheni, mafundi na vibarua wao, baba yake Nyamizi akiwamo, walikuwa wakichimba shimo kubwa la duara. Labda hujawahi kuona kazi yake. Kichwa cha treni kikifika mwisho wa reli hakiwezi kugeuka kama baiskeli. Hupanda juu ya daraja fupi la chuma lililolala ndani ya shimo la duara, daraja likazungushwa pamoja nacho, na kichwa kikatoka kikitazama kilikotoka. Uzito wote huo hubebwa na msingi wa katikati. Ndiyo maana msingi ule ulitakiwa kujengwa kwa mawe na zege, juu ya ardhi kavu iliyoshindiliwa vizuri.

Lakini shimoni mlikuwa na maji. Pampu iliyavuta na kuyamwaga kwenye mfereji, na mfereji ukazunguka nyuma ya ua mkongwe wa minyaa, hatua thelathini tu kutoka ukingoni, kisha ukateremka bondeni.

Nyuma ya minyaa hapakuonekana kutoka shimoni. Hapo ndipo Nyamizi alipofanya jambo ambalo kila mtoto anayechunga huku hulifanya bila kufundishwa. Aliona maji yanapita, akayazuia. Alipanga matawi ya miiba na madongo, akakanyaga kwa miguu mpaka tuta likakaza. Siku ya pili palikuwa na kidimbwi cha kufika magotini. Mabaka alikunywa mpaka tumbo likawa duara. Nyamizi alimmwagia mashudu yake ukingoni, na mengine yakaangukia majini.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Leo, baada ya kuachana na Scola, alikuta maji yamejaa kama kawaida. Alikaa kivulini akimsikiliza ndama akinywa. Ng'ambo ya minyaa sauti za wanaume zilipanda na kushuka, pampu ikikoroma. Ghafla pakatokea mshindo mzito, kama gunia la mahindi lililodondoka kutoka juu ya lori. Kisha mtu akapiga yowe.

Nyamizi alimwacha Mabaka, akakimbia.

Ukuta mmoja wa shimo ulikuwa umemeguka. Baba yake, Limbu, alikuwa chini pamoja na wenzake wakifukua udongo kwa mikono. Walimvuta Thomasi, jirani yao mcheshi aliyezoea kuwachekesha watu wote kazini. Leo hakuchekesha. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Walimlaza kwenye gari, wakamkimbiza hospitali Bariadi.

Jioni ile baba alikula matonge mawili tu ya ugali.

"Mama Nyamizi, sielewi," alisema. "Tumeleta pampu ya pili. Tunavuta tangu asubuhi hadi jioni. Maji yanashuka kidogo, halafu yanarudi. Udongo umekuwa uji. Mhandisi Domitila naye amechoka. Amesema tukishindwa wiki hii, shimo litafukiwa, na wote tutarudi nyumbani."

"Afadhali mrudi mkiwa na miguu," mama alijibu.

"Nikirudi tutakula nini? Pamba gani msimu huu?" Baba aliisogeza sahani kando. "Tena kuna jambo jingine. Leo msimamizi wetu, Mwandu, amekuta mashudu yanaelea shimoni. Mashudu! Yametoka wapi chini ya ardhi? Mzee Yakobo anasema palikuwa na kaya ya watu wa zamani pale kwenye minyaa, na wenyewe wamekasirika. Anataka kondoo mweusi wa tambiko."

Nyamizi aliliweka tonge chini.

Mashudu. Alizikumbuka nyufa za mbuga. Alikuwa amezoea kuchomekea kijiti humo, na mara nyingi kilizama chote. Basi maji ya kidimbwi chake hayakuwa yamekaa tu pale. Yalikuwa yakiingia kwenye nyufa, yakipita chini ya minyaa na kurudi shimoni. Mafundi walikuwa wakivuta maji yale yale kila siku, na yeye akiyarudisha.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Nimeshiba, mayu."

Alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini aliuona mguu wa Thomasi uliopinda, akaona jinsi baba atakavyomtazama, na akaona kisu kikinolewa kwa ajili ya Mabaka. Halafu likamjia wazo baya lililofanana na nafuu: kama watu wanasema ni hasira ya wazee wa zamani, nani atamuuliza yeye? Akanawa mikono, akaenda kulala.

Asubuhi, kabla ya shule, alikwenda na jembe kulibomoa tuta kimyakimya. Alipiga jembe mara tatu. Maji yakaanza kupenya. Mabaka, aliyemfuata akiburuta kamba yake, akaingiza mdomo na kunywa kwa pupa, mbavu zake zikihesabika moja moja.

"Leo tu," Nyamizi alimwambia. "Unywe leo. Jioni nitabomoa lote."

Akalirudishia udongo pale alipotoboa. Alipokuwa akilikanyaga, alisikia filimbi ya msimamizi ikipigwa ng'ambo, mara moja, mara mbili, bila kukoma.

Alipenya kati ya minyaa, utomvu mweupe ukimchuruzika mikononi. Ukingoni mwa shimo alimkuta Mwandu, msimamizi, akipiga filimbi kuita msaada. Mhandisi Domitila alikuwa amepiga magoti akitazama ufa mpya uliochorwa sambamba na ukingo. Kule chini, wanaume watano walikuwa wakisimamisha magogo ya kuzuia ukuta. Mmoja wao alikuwa baba.

"Ongezeni gogo jingine hapo!" Mwandu alipaza sauti. "Mkiachia sasa kazi yote imekwisha!"

"Dada!" Nyamizi aliita. "Dada Mhandisi!"

"Wewe mtoto, toka hapa!" Mwandu alifoka. "Huu ni mchezo? Nenda shule!"

"Maji ni ya kwangu!"

Mwandu aliguna. "Jamani, jana mizimu, leo watoto. Kesho atakuja mbuzi aseme maji ni yake."

Domitila hakucheka. Alimgeukia. "Umesema nini, mdogo wangu?"

Watu wote walikuwa wakimtazama Nyamizi, na chini kabisa baba yake alikuwa ameinua uso, tope likimtiririka hadi kidevuni.

"Nimeuziba mfereji wenu. Pale nyuma ya minyaa. Nimetengeneza lambo la ndama wangu. Mashudu ni ya kwangu, ndiyo anayokula. Maji yanapita kwenye nyufa, yanarudi huku." Akanyoosha kidole. "Upande huu. Upande huu wenye ufa. Mwambie baba atoke!"

Domitila aliutazama ufa, akaitazama minyaa, akasimama wima. "Wote juu! Acheni magogo! Limbu, acha, panda!"

"Lakini Mhandisi, gogo hili..."

"Gogo tutanunua jingine! Panda!"

Walipanda ngazi mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa mbali zaidi. Tope lilimkamata mguu. Akaukwamua, akaacha buti ndani, akaishika ngazi. Mwandu alijitupa kifudifudi, akamshika mkono, akamvuta. Mguu wenye buti la pili ulikuwa bado kwenye kipago cha juu ukuta ulipoporomoka. Uliyabeba magogo, ukaifunika ngazi nusu, na maji meusi yakaruka hadi ukingoni.

Pampu tu ndiyo iliyoendelea kukoroma.

Baba alikuja akichechemea, mguu mmoja na buti, mwingine bila. Nyamizi alifumba macho akisubiri kofi. Halikuja.

"Ulijua tangu lini?" baba aliuliza.

"Jana. Uliposema mashudu."

"Jana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Tulikuwa tumekaa pale pale, kwenye ugali mmoja. Ukanyamaza. Leo asubuhi nikakuaga, nikashuka humu."

Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo yoyote. Nyamizi alilia. Baba alimwacha alie, kisha akamwekea kiganja chenye tope kichwani.

Domitila alikuja karibu yao. "Ndugu Limbu, kosa hili si lake peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuukagua mfereji mpaka mwisho wake. Nilikuwa nikiishia pale kwenye minyaa, naona maji yanakwenda, naridhika. Nitaliandika hivyo kwenye ripoti." Kisha akamwambia Nyamizi, "Twende ukanionyeshe."

Walikwenda wote. Tuta lilibomolewa kwa makoleo manane kwa muda mfupi, na kidimbwi kikateremka bondeni kikiacha tope na mashudu. Mabaka alisimama katikati akishangaa. Mzee Yakobo, aliyekuwa amefika na kondoo wake kwa kamba, alitazama kwa muda mrefu.

"Basi huyu arudi nyumbani," alisema, akamgeuza kondoo.

Siku tatu pampu zilivuta, na safari hii maji hayakurudi. Tope lote laini lilichotwa. Wakapanga mawe makubwa, wakajaza udongo wa moramu na mchanga, wakashindilia tabaka kwa tabaka. Mfereji ulitandikwa turubai na kurefushwa hadi chini kabisa bondeni, mbali na shimo. Huko mwisho Domitila alikubali kijengwe kihori cha saruji, na ndama wote wa kijiji wakapata pa kunywa. Zege la msingi lilimwagwa siku ya Jumamosi. Limesimama mpaka leo.

Lakini baba alisema bado kuna deni moja ambalo yeye hawezi kumlipia mtu. Thomasi aliporudi kutoka hospitali na plasta hadi pajani, baba alimpeleka Nyamizi mpaka mlangoni kwake, yeye mwenyewe akabaki nje.

Thomasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mguu juu ya kigoda.

"Mwadila, baba," Nyamizi alisalimu, akipiga goti. Akasimulia yote, tangu tawi la kwanza la miiba mpaka usiku alioamua kunyamaza. Hakuruka kitu.

Thomasi alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo," alisema, "mguu wangu umevunjwa na ndama. Nitawaambia nini watu? Angalau angekuwa fahali!"

Nyamizi hakujua kama acheke.

"Sogea hapa, mwanangu." Sasa Thomasi hakuwa akitania. "Mimi sikukasirikii kwa kuuziba mfereji. Hukujua, na kiumbe alikuwa na kiu. Hata mimi nikiwa mdogo nimeziba mifereji mingi. Mguu huu ulivunjika kabla hujajua, basi nao nimeusamehe. Lakini jioni ile, ulipojua, ukakaa nalo usiku mzima. Hapo ndipo ulipokosea. Baba yako alishuka shimoni na siri yako ikiwa juu ya kichwa chake."

"Niliogopa."

"Najua. Kila mtu huogopa. Hofu yako ilikuwa ya kuchapwa na kumpoteza ndama. Lakini kimya chako kilikuwa karibu kutuzikia watu watano. Siku nyingine ukijua jambo linaloweza kumdhuru mtu, liseme saa hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wakubwa wanakufukuza. Asubuhi ile Mwandu alikufukuza, nawe hukuondoka. Kwa hilo nakushukuru. Wabeja."

Akamnyooshea mkono. Nyamizi aliushika kwa mikono yake miwili.

"Sasa mwite baba yako aingie," Thomasi alisema. "Tangu nivunjike nimekaa na plasta tu, na yenyewe haijui kucheza bao."