Wafungwa Kwenye Picha ya Emilia

Kila asubuhi, enzi za Mwingereza, Emilia alipita mtaa wa maduka mjini Dodoma akienda shule. Mehboob mwenye duka la vitambaa alikuwa akifungua milango, vumbi limeshatanda, na wafungwa wanafagia barabara, askari nyuma yao. Mmoja wao alikuwa Mazengo, baba yake. Hakuiba. Alikataa kuchimba bure matuta ya serikali ya kuzuia mmomonyoko huku shamba lake likiota magugu, akapewa miezi mitatu na ufagio. Wengi walifungwa hivyo, na hakuna aliyewaomba radhi hadi leo.

Shuleni, Mwalimu Sila aliwafundisha kuchora kwa rangi za maji. "Lowesha karatasi kwanza," alisema, "kisha iache rangi itambae. Usiikabe." Emilia akauchora mtaa ule. Vumbi likawa ukungu wa manjano, maduka yakayeyuka ndani yake, na wafungwa wakawa madoa manane ya kahawia yaliyoinama.

Siku ya maonyesho akaja mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na zawadi ya picha bora: sanduku la rangi kumi na mbili. Emilia alikuwa na rangi tatu tu, tena za kuazima. Memsahibu akasimama mbele ya picha yake.

"Mzuri sana! Hii ngombe, eh? Nakwenda mnada?"

Emilia akalitazama sanduku. "Ndiyo, memsahibu. Ng'ombe."

Akapewa sanduku, makofi yakapigwa. Aliporudi kwenye benchi, rafiki yake Tereza akamnong'oneza, "Hongera, mwenzangu. Baba yako ameota pembe lini?"

Emilia akainuka, akaliweka sanduku mezani.

"Nimesema uongo, memsahibu. Hawa ni wafungwa wanaofagia mtaa. Huyu wa mbele ni baba yangu."

Memsahibu akawa mwekundu. "Picha mbaya," akasema. Sanduku akampa mvulana aliyechora maua ya Ulaya ambayo hajawahi kuyaona. Mwalimu Sila alitazama viatu vyake.

Mazengo alipofunguliwa, Emilia alimwonyesha picha na kumweleza yote, hata uongo wake. Baba akaishika karibu na macho.

"Mimi ni yupi?"

"Huyu, baba."

"Kweli, huu mgongo wangu." Akamrudishia picha. "Wao kutuita ng'ombe ni kazi yao, mama. Usiwasaidie."