Mgonjwa wa Kuigiza

Saa nane mchana Kidonge alifungua mlango, akakiamkia kiti cha mama yake.

"Shikamoo, kiti."

Kiti kilimzidi umri, ndiyo maana. Lakini hakikuitika.

Wenzake walimwita Kidonge kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, na mama yake alikuwa daktari. Waliishi wawili tu. Lakini mama huyo! Asubuhi yuko vijijini akihimiza chanjo na maji ya kuchemsha, mchana yuko ofisini akiongoza hospitali, jioni yuko darasani akifundisha wanafunzi wa udaktari. Mezani aliacha chakula kilichofunikwa, na karatasi yenye kitendawili: "Natembea usiku na mchana, sitoki nilipo." Kidonge aliandika "saa", akaitia karatasi ndani ya kopo. Kopo lilikuwa limejaa majibu, na wa kuambiwa hayupo.

Mama aliporudi alimkuta anasinzia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Basi. Kila siku sijambo.

Jumamosi moja mama alimwambia, "Leo wanafunzi wangu wana mtihani. Mtoto aliyekuwa aigize mgonjwa ameugua kweli! Utanisaidia? Sema tumbo linakuuma upande wa kulia tangu jana. Usiongeze neno."

Wanafunzi wanne waliuliza, wakabonyeza tumbo, wakaandika, wakaenda. Wa tano alikuwa kijana mrefu, vifungo vya koti lake vimekwenda upande. Alivuta kiti, akaketi.

"Mdogo wangu, chakula unakula?"

"Nakula."

"Unakula na nani?"

Hilo hakufundishwa. Mama alikuwa kwenye kona, kalamu mkononi.

"Na kiti," Kidonge alisema.

"Kiti gani?"

"Cha mama." Machozi yakamtoka.

Kijana alibabaika. "Mwalimu, nimemliza mgonjwa!"

"Endelea," mama alisema. Kalamu aliiweka chini.

Mtihani ulipokwisha, Kidonge alimfuata ofisini. "Mama, nimemharibia kaka yule? Nimeongeza neno."

"Amefaulu. Aliyeanguka ni mimi. Nagonga milango ya watu kuuliza hali zao, kwangu naridhika na sijambo."

"Nilikudanganya, mama. Niliogopa utawaacha wagonjwa."

Mama alimshika mkono, wakaenda nyumbani.

Jumatatu Kidonge alifungua mlango kama kawaida. "Shikamoo, kiti."

"Marahaba," kiti kikaitika. Mama alikuwa amekikalia! Kazi ya ofisini ya mchana, siku tatu kila wiki, alikuwa amemwachia daktari mwenzake, na siku hizo angekuja kula nyumbani. Siku nyingine kiti kingebaki kitupu. Wagonjwa nao walikuwa na haki yao.

Walimwaga kopo mezani, wakasoma majibu yote. Kisha Kidonge akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nikikificha kinakua, nikikisema kinapungua."

Mama alifikiri, akashindwa.

"Nipe mji!"

"Nakupa hospitali yangu yote."

"Nimekwenda hospitalini, nikawaruhusu madaktari wote warudi nyumbani. Jibu ni upweke."

Mama alicheka, kisha akafuta macho. "Shika neno hili, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na upweke nao ni maradhi. Ukiulizwa hali, sema iliyo kweli. Na mkubwa asipouliza, mvute nguo umwambie. Hata daktari hatibu asichoambiwa."