Maji ya Bondeni

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alichota ndoo mbili kwenye kisima cha mtaa. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Wakati huohuo baba yake, fundi bomba wa jiji, alikuwa akipanda mlimani kutengeneza mifereji katika nyumba ambamo hata maua yalinyweshwa maji safi.

Siku moja Chiriku alichelewa kuamka. Mdogo wake wa miaka minne alipolilia maji, alimchotea moja kwa moja kutoka kwenye ndoo.

"Umeyachemsha?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Jioni mtoto alianza kuhara na kutapika. Siku ya tatu, saa sita mchana, alikata roho akiwa zahanati, mkono wake ukiwa kwenye kiganja cha mama.

Chiriku hakuongea tena. Baba alipombembeleza, aliangua kilio. "Baba, sikuyachemsha! Mimi ndiye niliyemuua!"

 Baba alimshika mkono, wakapanda mlimani, halafu wakateremka wakifuata bomba la maji machafu hadi karibu na kisima. Hapo ardhi ilikuwa imelowa na kunuka.

"Mji ulipoanza kujengwa, mabwana walichagua mlima," baba alisema. "Vibarua, akiwemo babu yangu, wakapewa bonde. Uchafu wa juu ukaelekezwa kwetu. Bomba lenyewe ni lile lile la wakati huo, na limepasuka."

"Ulijua, baba?"

"Nilijua. Niliripoti mara moja, nikaambiwa nichunge kazi yangu. Nikafyata mkia."

Kesho yake walikwenda ofisi za jiji pamoja na majirani. Baba alieleza yote mbele ya wakubwa wake. Chiriku naye alisimama, akasema alivyodanganya na maji yalivyomfanya mdogo wake. Ofisa aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini.

Ilichukua miezi mitano. Bomba jipya likalazwa mbali na makazi, kisima kikafukiwa, na mtaa ukapata mfereji wake.

Siku maji yalipofunguliwa, watu walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Alimvuta Chiriku kifuani.

"Mwanangu, ungeniambia kweli, ningeyamwaga," alisema. "Baba yako asingenyamaza, huenda bomba lingezibwa. Na waliochora mji huu wangetuona sisi ni watu, uchafu wao usingeletwa mlangoni kwetu. Kosa lako ndilo dogo kuliko yote. Lakini kuanzia leo, nyumbani kwangu asifiche mtu jambo."