Pete ya Njia

Jua lilikuwa linazama mwandishi alipofika kiwanda cha uchapaji kutia sahihi kurasa za mwisho za kitabu chake cha treni za mvuke. Akishatia, mtambo uwashwe. Mama yake, mgonjwa kitandani, kila siku aliuliza kitabu kimefika wapi, na mwandishi alijua sababu: babu yake, baba wa mama, alikuwa stesheni masta, na humo amesifiwa.

"Nafuata chai, kaka. Usije ukatoroka," mpiga chapa akamtania, akatoka.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Ajali ile. Treni mbili, reli moja, na kosa la dereva aliyefia humo: aliondoka bila pete ya njia, duara la chuma ambalo stesheni masta humkabidhi dereva kwa mkono wake, na bila hilo treni haiondoki. Ndivyo babu alivyoandika ripoti, ndivyo mjukuu alivyonakili. Kwenye daftari la kuandikia kila pete iliyotolewa, ukurasa wa siku ile ulikuwa umechanwa. Aliliona hilo, akalifumbia macho. Damu nzito kuliko maji.

Harufu...

Makaa ya mawe. Kiwandani humo hakuna aliyewahi kuchoma makaa.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, koti limelowa, mikono myeusi kwa masizi.

"Shikamoo," mwandishi akasema.

Marahaba haikuja.

Mzee akasogea, akaweka kitu mezani. Ngo! Pete ya chuma.

"Babu yako alinipa mwenyewe," akanong'ona. "Akaniambia njia nyeupe. Nikaondoka. Andika hivyo tu."

Mwandishi alijua anaambiwa kweli. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mzee wangu... mama yangu ataumia."

"Na wangu je? Walizomewa mpaka wakahama."

Mwandishi akafumba macho, akatia sahihi bila kubadili hata nukta.

"Haya," sauti ikasema.

Alipofumbua macho, mzee hayupo, pete haipo. Akampigia mama yake simu.

"Mama, kitabu kimekwisha."

Mama akashusha pumzi.

"Amekuja na kwako?"

"Nani, mama?"

"Usinifiche, mwanangu. Baba yangu alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu tulimkuta baba kalala maiti relini, na treni hazikuwa zikipita tena hapo. Mimi nilingoja kitabu chako ili useme kweli, nife nimetua mzigo. Umeandika kweli?"

Nyuma yake kitu kilianza kupumua... tshu... tshu... tshu. Mtambo!

"Uzime! Uzime haraka!" akamfokea mpiga chapa, aliyekuwa akiingia na vikombe viwili.

"Nizime nini, kaka? Mbona sijawasha?"

Wakatazamana. Mtambo ulikuwa umetulia, baridi, umefunikwa turubai. Sauti ilitoka nje, upande wa barabara, ambako hapakuwa na reli, na ilikuwa inakaribia.

"Mwanangu," mama aliita kwenye simu. "Mwanangu, nijibu."