Kikombe cha Alasiri

Kikombe kilikuwa kimetoka tena kabatini. Maimuna alikiosha baada ya chakula cha mchana, akakifuta, akakifudikiza mahali pake. Sasa adhana ya alasiri ilikuwa haijamalizika, nacho kilikuwa sakafuni mbele ya mlango wa binti yake, kimejaa maji pomoni. Akayaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa ya chumvi.

"Bushra, ni wewe uliyekiweka hapa?"

"Si mimi, mama," sauti ilijibu kutoka ndani. "Ni saa yake ya dawa."

Bushra alikuwa na miaka ishirini na minne. Kabla ya korona alikuwa muuguzi wa wodi ndogo ya wagonjwa wa akili hapo Kismayo. Kila alasiri aliwapa vidonge na kikombe cha maji, kisha akamwambia kila mmoja afungue kinywa na kuinua ulimi, ahakikishe dawa imemezwa. Ugonjwa ulipoingia, vitanda vikatakiwa kwa waliokosa pumzi. Wagonjwa wa akili wakarudishwa makwao na vidonge vya mwezi mmoja. Saada, mgonjwa kutoka kisiwa cha Chovae, alishikilia kitanda kwa mikono miwili.

"Rudi kwenu, dada," Bushra alimwambia. "Vidonge vikikaribia kwisha nitakuletea mwenyewe."

Mashua zikazuiwa kuvuka. Mwezi wa pili, vidonge vimekwisha, Saada aliingia baharini na nguo zake, asitoke. Bushra aliendelea na kazi, akazika wauguzi wenzake wawili, kisha akarudi nyumbani akalala. Wodi ile haikufunguliwa tena, hata yeye mwenyewe alipoihitaji.

Alasiri iliyofuata Maimuna alijibanza nyuma ya pazia. Ilikuja harufu ya klorini, kisha ya mwani uliooza, kisha nyayo zenye maji, chapa, chapa, ukumbini ambako jua lilikuwa bado linawaka, zikampita yeye aliyekuwa akisoma Ayatul Kursiyyu bila kutoa sauti, zikaingia chumbani, naye alipochungulia akaona mwanamke aliyegandwa na nguo mwilini amepiga magoti mbele ya Bushra, kinywa wazi kuliko kinywa cha mtu yeyote, ulimi ameuinua, na chini ya ulimi hapana kitu ila maji meusi yanayopanda na kushuka, na mwanawe akimwonyesha viganja vitupu na kumwambia taratibu, kama anayebembeleza mtoto, "Sina, dada. Leo pia sina."

Maimuna akamwita Mwalimu Nassoro wa madrasa.

"Ni Saada yule?" alimnong'oneza.

"Maiti harudi, Maimuna. Ni jini, amevaa sura yake kwa kuwa anajua mwanao hatamfungia mlango." Akaketi kando ya kitanda. "Mwaka juzi ulinidunga sindano ukanicheka, Bushra. Leo zamu yangu."

Bushra hakucheka. Mwalimu akasoma, akampulizia, akasoma tena. Shingo ya Bushra ikakakamaa, na kinywani mwake ikatoka sauti isiyo yake.

"Mwezi umekwisha. Alisema ataleta."

"Toka. Rudi kwenu."

Kisha sauti ile ikauliza kwa unyonge, "Niende na vidonge vingapi?"

Mwalimu akaendelea kusoma mpaka harufu ikaisha, na nyayo za maji zikaonekana sakafuni, zimeelekea nje.

Bushra akafumbua macho. "Ameondoka?"

"Ameondoka, alhamdulillahi," mama yake alisema, akamkumbatia.

"Mmemwambiaje?"

"Arudi kwao."

Bushra akageukia ukutani. "Na mimi nilimwambia hivyo hivyo."

Kesho yake kikombe kilikaa kabatini, kikavu. Maimuna akamshukuru Mola. Ilipoadhiniwa alasiri, akampelekea bintiye uji.

Bushra alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameelekea mlango. Alipomwona mama yake akafungua kinywa, akainua ulimi, akangoja. Chini ya ulimi maji yalikuwa yakipanda na kushuka.