Kifo Chini ya Pango la Mababu

Maiti ya Mzee Geresoni ilikutwa kifudifudi korongoni mwa Mto Kiwira. Juu yake, gengeni, lilikuwa pango walimojificha mababu zake wakati wa vita. Familia ilikuwa imekwenda kulitembelea.

Inspekta Nsajigwa alimkagua Wilson, mtoto wa marehemu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam: suti, viatu vya kung'aa, saa kubwa mkononi, kamera shingoni hata msibani. Soko huria limeleta mitumba na vioja, aliwaza. Hiki ni kioja.

"Ulikuwa wapi mzee alipoanguka?"

"Kwenye gari, afande. Nilifuata filamu."

"Alibaki na nani?"

"Na mke wangu, Vaileth. Wawili tu pangoni, wanakula ndizi. Kama kuna aliyemsukuma, muulizeni yeye."

Nsajigwa alimwangalia kwa dharau isiyofichika. Mwacha asili ni mtumwa, na huyu alikuwa mtumwa mwenye tai.

Vaileth, binti wa kijiji cha Mpuguso, alikuwa amekaa migombani na watoto. Machela ya marehemu ilipokaribia, aligeuka na kujifunika kitenge usoni.

"Mama, ulikula na baba mkwe pangoni?"

"Mwe! Nile naye?" Alikivuta kitenge zaidi. "Tangu niolewe sijamtazama usoni. Akiingia huku, mimi natokea kule. Nilikuwa mtoni na watoto. Wilson kaniambia nikubali kuwa nilikuwa naye pangoni, la sivyo ataninyang'anya wanangu."

Nsajigwa alirudi kwa Wilson.

"Daktari aliyemkagua mzee korongoni amekuta ngozi ya mtu kwenye kucha za marehemu. Vua saa."

"Ya nini?"

"Vua!"

Chini ya saa kulikuwa na mikwaruzo mitatu, bado mibichi.

"Mnyakyusa gani anamkalisha mkwe na mkamwana pango moja, na mila inawakataza hata kuonana?" Nsajigwa aliuliza. "Hata uongo umekushinda."

Wilson aliketi chini, suti na yote.

"Mwekezaji alitaka eneo lile ajenge hoteli ya watalii. Mzee akang'ang'ania mifupa ya mababu iliyozikwa pangoni. Nilimleta nimbembeleze, akanitukana. Nikamsukuma. Akanishika mkono... nikajinasua."

"Na kesi ukamtwisha mama wa wanao."

Nsajigwa alimfunga pingu bila kumtazama.

Walipompitisha migombani, Vaileth alikishusha kitenge. Uso aliomficha baba mkwe kwa heshima miaka yote, sasa aliufunua wote na kumkazia macho mumewe. Wilson ndiye aliyeinamisha kichwa.